Land Rover au Noah: mtoto atakaa wapi?

Baba na mama mmoja wa Chala wameuza mahindi, sasa wanabishana. Baba anataka Land Rover 109 ya miaka ya 1970: gari imara, haiogopi tope la shambani. Mama anataka Toyota Noah ya mwaka 1998. Wakaniuliza: ipi salama kwa watoto?

Mzazi mwenzangu, bodi ngumu haimshiki mtoto. Nyuma ya 109 nyingi kuna mabenchi ya pembeni. Watoto hukaa wakitazamana, bila mkanda. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huweza kurushwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya mama inayozuia hilo. Zamani kwenye tope gari lilitambaa. Leo kuna lami ya kwenda Sumbawanga, na mwendo umeongezeka.

Noah ina viti vinavyotazama mbele na mikanda. Lakini nayo imepita miaka 25. Kabla ya kulipa, vuta kila mkanda kwa ghafla. Usiponasa, au ukiwa umechanika, fundi abadilishe kwanza. Ukiona herufi SRS kwenye dashibodi upande wa abiria, kuna mfuko wa hewa. Usimweke mtoto mchanga hapo mbele.

Nikawajibu: Noah. Watoto wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, mdogo kwenye kiti cha mtoto. Land Rover ibebe magunia.