Tuanzie Moyoni Mwetu



Mwezi huu tuzungumzie jambo lililo rahisi kusema na gumu kutenda: kujipima wenyewe na kuacha dhambi. Hatusemi juu ya zile zinazotangazwa kanisani tu, bali hasa zile za jikoni, sokoni na barazani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alipokuwa Daktari Joe Church, alikuwako mtu aitwaye Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali. Mambo pale hayakuwa mazuri, naye alikuwa na malalamiko mengi. Akaenda Kampala kumwona Mkristo mwenzake, Simeoni Nsibambi, akamweleza jinsi hali ya Gahini ilivyo mbaya. Nsibambi hakumbembeleza. Alimwonyesha kwamba shida ile ilikuwa na mizizi ndani ya moyo wake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma Kinuka. Aliporudi Gahini alikuwa mtu mwingine, na wenzake waliliona badiliko lake. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama, wakarudisha vitu walivyoiba, wakatengeneza na wale waliowakosea.

Je, sisi? Mara nyingi twaenda kwenye kikundi cha maombi tukiwa na mzigo kama ule wa Kinuka. "Niombeeni, baba watoto hanisikilizi." "Wifi yangu ana maneno." "Msichana wangu wa kazi ni mvivu." Pengine yote ni kweli. Lakini maombi yakiisha, siri za nyumba ya mtu zimejulikana mtaa mzima, na yule aliyezitoa hajajitaja hata mara moja. Huko ni kusengenya tukiwa tumefumba macho.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tutenge muda. Mwishoni mwa Zaburi ya 139 mtunzi anamwomba Mungu amchunguze yeye, wala si jirani yake. Watoto wakishalala, dakika kumi zatosha. Tuipitie siku tangu asubuhi: tulisema na nani, na tulimwacha katika hali gani?

Pili, tuiite dhambi kwa jina lake. Mgonjwa akifika zahanati akasema "naumwa" tu, tutamsaidiaje? Lazima tumwulize anaumwa wapi, na tangu lini. Vivyo hivyo, sala ya kuombea "makosa yangu yote" yaweza kuficha mengi. Tumeficha chenji ya sokoni na kusema bei zimepanda: huo ni uongo. Mshahara wa msichana wa kazi umelala miezi miwili, nasi tumeshona kitenge kipya: hiyo ni dhuluma, na Yakobo 5:4 yasema kilio cha watu kama hao humfikia Bwana. Mtoto amevunja kikombe, tukammwagia hasira tuliyotoka nayo kwenye daladala: huo ni uonevu.

Tatu, tutengeneze. Machozi peke yake hayalipi deni. Katika Hesabu 5:6-7 aliyekosa aliagizwa aungame, arudishe chote, tena aongeze sehemu ya tano. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Basi msichana yule alipwe kabla hatujatia sadaka kubwa siku ya Jumapili. Na mtoto aombwe radhi. Mama hapungukiwi na heshima kwa kumwambia mwanawe, "Nilikukosea, mwanangu, nisamehe." Mtoto hujifunza kutubu kwa kuona wazazi wake wakitubu.

Nne, tuikimbie njia inayotupeleka kule kule. Kama masengenyo yetu huanzia kwenye mkeka fulani kila saa kumi jioni, saa hiyo tutafute kazi nyingine, au tubadili mazungumzo kwa upole.

Lakini tuwe waangalifu katika jambo moja. Si kila maumivu ya mama yanatokana na dhambi yake. Mama anayepigwa na mumewe asiambiwe akatafute kosa lake. Asaidiwe kufika mahali salama, atibiwe, na vyombo vya sheria vielezwe. Vilevile mama aliyejifungua, ambaye kwa wiki kadhaa analia, halali hata mtoto akilala, na hana hamu na mwanawe, asihukumiwe kuwa hana imani. Huo waweza kuwa ugonjwa, nao unatibika. Apelekwe hospitali mapema, naye aombewe. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Wapendwa, tumewaombea waume zetu wabadilike, na tuzidi kuwaombea. Lakini juma hili, kabla ya kutaja jina la mtu mwingine mbele za Mungu, kila mmoja wetu ataje dhambi moja ya kwake, kwa jina lake, kisha aende kwa yule aliyemkosea kabla juma halijaisha. Pengine badiliko tunalolingojea nyumbani litaanzia hapo.

Bwana atusaidie. Amina.