Bosi, toa na funguo

Kuna ugonjwa katika ofisi zetu za programu, kuanzia vyumba vya ghorofani Moi Avenue hadi Kilimani na Westlands, nao si upungufu wa mafundi. Mafundi tunao. Ugonjwa ni bosi anayegawa kazi bila kugawa uamuzi.

Mnamjua. Anakwambia, "Hiyo sehemu ya malipo shughulikia wewe," kisha nywila ya seva inabaki kichwani mwake, namba ya kuthibitisha inaingia kwenye simu yake, na mteja hajui hata jina lako. Ijumaa jioni mambo yanaharibika, bosi yuko njiani kuelekea Naivasha na simu imezima. Wewe unaujua mstari wenye kasoro lakini huwezi kuugusa. Jumatatu unaulizwa kwa nini hukuwajibika! Huyo hajakasimu chochote. Amekutuma tu, kama mtoto anavyotumwa dukani na pesa kamili.

Sasa tazameni Ushahidi. Wazo lilitoka kwa Ory Okolloh mapema Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na akina David Kobia na Erik Hersman wakaijenga tovuti kwa siku chache. Kisha wakaiachia dunia programu yenyewe, bure, kila mtu aisimike apendavyo. Haiti ilipopigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010, ramani ya msaada iliendeshwa na Patrick Meier na wanafunzi wa chuo kikuu cha Tufts, karibu na Boston. Hebu fikirieni kama kila ripoti ingesubiri kwanza kibali cha mkubwa mmoja Nairobi.

Mwisho wa 2010 Okolloh alikwenda Google, Juliana Rotich akashika usukani. Na mwaka 2019 ukurugenzi ulimfikia Angela Oduor Lungati, aliyeingia pale kama mtengenezaji programu, kisha akasimamia jamii ya watumiaji. Sisemi nyumba ile haikuwa na matatizo yake, ilikuwa nayo. Lakini nionyesheni kampuni ngapi za hapa kwetu ambazo mwandishi wa kodi amelelewa hadi akakalia kiti cha juu.

Ukitaka kanuni iliyoandikwa, soma Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 187. (Ndiyo, nasoma Katiba kama wengine wanavyosoma mwongozo wa programu.) Kinasema serikali moja ikihamishia nyingine jukumu, rasilimali za kulitekeleza nazo zihamishwe, na wajibu wa kikatiba ubaki kwa yule aliyekuwa nao mwanzo. Soma tena hiyo sehemu ya pili. Kazi inaondoka, lawama inabaki kwako. Nairobi tulishuhudia ugumu wake: Februari 2020 Gavana Sonko alitia saini kuhamisha majukumu 4 ya kaunti kwenda serikali ya kitaifa, na muda si muda wakaanza kuvutana juu ya bajeti.

Mabosi wengi watanijibu kwamba kijana ataharibu. Ataharibu, ndiyo. Ndiyo maana tuna Git, tunarudisha toleo la jana kwa dakika moja. Na Git yenyewe! Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye anaitunza mpaka leo. Miezi mitatu hivi, basi.

Nadhani shida halisi ni mkono kuwasha. Meneja wetu wa kawaida alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa fundi hodari, na akiona kodi ya mwingine inapinda kidogo anaivuta kwake usiku na kuiandika upya. Asubuhi mwenye kazi anakuta kila kitu kimebadilika. Akifanyiwa hivyo mara tatu, ataanza kutafuta kazi ya kampuni ya ng'ambo atakayoifanya akiwa sebuleni kwake Kawangware, na bosi atalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu.

Kwa hiyo, meneja, wiki hii anza na moja tu. Chagua sehemu ambayo ikiharibika hakuna pesa ya mteja itakayopotea. Mpe kijana nywila, mpe namba ya mteja, mwambie ni mpaka wapi anaweza kuamua bila kukuuliza. Mkutano ukifika, aongee yeye. Wewe kaa nyuma, na mteja akikugeukia, mwelekeze kwake.