Picha ya Mapambazuko Ufukweni

Sisi tunaoishi Kariakoo huliona jua likiwa limeshapanda juu ya maghorofa. Binti yangu alipokaribia kwenda shule ya bweni bara, aliomba picha ya bahari ya kwao. Tukaenda Coco Beach, tukachelewa. Picha zote zilikuwa na duara jeupe katikati, na bahari imelala upande kama inataka kumwagika.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Haya ndiyo yaliyotusaidia:

1. Wahi. Dar es Salaam jua huchomoza karibu saa 12 kamili asubuhi mwezi Novemba, na baada ya saa 12 na nusu mwezi Julai. Rangi nzuri huanza kabla halijatokeza.

2. Futa kioo cha kamera au simu kwa kitambaa laini. Upepo wa bahari una chumvi.

3. Nyoosha mstari wa bahari na mbingu. Mawingu yakipendeza, uweke chini. Mchanga ukipendeza, uweke juu. Usigawe picha nusu kwa nusu.

4. Weka kitu karibu: mwamba, nyayo, au ngalawa. Maji yakipwa, madimbwi hubeba rangi ya mbingu.

5. Jua likae pembeni, lisikae katikati.

Picha moja aliitia kwenye tranka lake. Nyingine aliniachia: mchanga, maji, na nyayo zetu wawili. Huitazama kila asubuhi ninapochemsha chai, nikamwombea.