Salamu Iliyokatwa Kichwa

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba mgeni wa nje hana muda wa salamu zetu. Apewe "Jambo" mlangoni, naye ataridhika. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na leo naikataa.

Tazama kwanza kilichotendwa. Mswahili humwuliza mwenziwe "Hujambo?", yaani, hujafikwa na jambo? Naye hujibu "Sijambo." Katika ile hu- yumo anayeulizwa, na humo humo umo ukanushi wa baya. Ikate silabi hiyo, hapabaki mtu wala swali. Linabaki jambo tupu. Tunamlaki mgeni kwa kumtajia shida!

Wageni hawana kosa. Ni bendi ya pwani yetu, Them Mushrooms ya Mombasa, iliyoutoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Filamu ya Disney, The Lion King, ya mwaka 1994, ikaitangaza "hakuna matata" duniani. Na mwaka 1998 kampuni hiyo ikafungua huko Florida bustani ya Animal Kingdom, yenye mji wa kubuni uitwao Harambe, ambamo asiyewahi kuiona Afrika hulakiwa kwa "Jambo". Walichukua walichokikuta sokoni. Muuzaji ni sisi.

Siku moja nilikaa kivulini katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, mahali zilipojengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ili zitazamwe. Mama mmoja mtu mzima alifika mlangoni pa nyumba mojawapo, akasita, akapiga hodi, ilhali alijua hamna mtu. Vijana waliomfuata wakacheka. Akaja kijana wa Kizungu, akaingia moja kwa moja. Alipotoka alitaka kumpiga picha yule mama. Akaomba kwa "tafadhali" mbili na "asante" tatu, pasipo kumsalimu. Mama akageuza uso. Kijana aliona amenyimwa bure. Mama aliona amevamiwa. Wote wawili walikuwa na adabu, ila kila mmoja aliiweka mahali pengine.

Jambo hili mfasiri hulijua kwa jasho lake. Lile neno la kuombea la Kiingereza, ukilifasiri kila mara kwa "tafadhali", utaandika Kiswahili cha mhudumu wa hoteli. Adabu yetu hutangulia ombi: imo katika salamu, imo katika kitenzi. "Naomba maji" haihitaji pambo. Kwetu Matembwe, Mbena akikutana na mtu njiani husema "Kamwene", akasimama kungoja jibu, ndipo aulize njia. Kule kusimama ndiko salamu yenyewe.

Ati mgeni hana muda? Aliyevuka bahari kuja kututazama hakosi muda wa kungojea "Sijambo". Tukimkatia salamu tunamdharau, kana kwamba hafundishiki. Tena tunajidhuru wenyewe: kijana anayezoezwa kumkatia mgeni salamu, kesho atamkatia bibi yake. Wale waliocheka hodi hawakuwa watalii. Walikuwa wana wetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatutapona kwa kumwuzia mgeni neno bovu. Afundishwe matatu tu: Hodi, Hujambo, Naomba. Kisha, baada ya kila neno, afundishwe kungoja.