Kwa Nini Nimekataa Kazi ya Tangi la Matumbawe

Leo siandiki kuhusu programu, au niseme ninaandika kuhusu programu ambayo sitaiandika.

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja wa Nyamira, mwenye shamba la majani chai na nyumba mpya, alinipigia simu. Anataka tangi la kioo sebuleni, lita 200 za maji ya chumvi, na ndani yake vipande vya matumbawe kama alivyoona kwenye hoteli moja huko pwani. Kazi yangu ingekuwa kuandika programu ya kuwasha taa, kupima joto na kumtumia SMS kukiwa na tatizo. Pesa ilikuwa nzuri. Nilikataa, na kwa kuwa watu wawili wameshanicheka, wacha nieleze.

Programu yenyewe si ngumu. Kihisi cha joto, relei mbili, kibao cha Arduino na modemu ya simu, wikendi moja imeisha. Ugumu uko kwa huyo anayewekwa majini. Tumbawe ni mnyama jamani, si jiwe wala ua! Kila kipande ni kundi la wanyama wadogo wanaofuga miani ndani ya miili yao, na miani hiyo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Joto likizidi, au mwanga ukiwa mkali ghafla, mnyama huifukuza miani, hubaki mweupe, na hali isipotulia hufa njaa. Mwaka 1998 joto la bahari lilifanya hivyo pwani yetu, na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa.

Mteja wangu alidhani kipande huwekwa juu, karibu na taa, ili kikue haraka. Nikamwuliza: wewe kipandikizi cha chai unakitoa kivulini siku ya kwanza na kukianika juani? Akacheka. Basi ni hivyo hivyo. Kipande kipya huanzia chini kwenye mwanga hafifu, kisha hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hubandikwa kwenye jiwe kwa super glue ili kisianguke, na pampu isikipige maji moja kwa moja. Kiachiwe nafasi pia, maana matumbawe mengi hurefusha minyiri usiku na kumchoma jirani. Halafu unakiacha. Hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tunaposhindwa, kwa sababu tumezoea kubadilisha, kujaribu na kubadilisha tena kabla ya chakula cha mchana. Kipande kinachohamishwa kila baada ya siku tatu hakitulii kamwe.

Sasa tuje huku kwetu. Matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 27 hivi, usiku na mchana. Mtu wa Mombasa anahangaika kupoza tangi, sisi wa milimani tutahangaika kulipasha moto. Na stima ikipotea? Hita inazima, pampu inasimama, na hewa ndani ya maji huanza kupungua. Hita ya wati 200 ikiwaka mfululizo humaliza betri ya volti 12 ya Ah 100 ndani ya saa sita. SMS yangu ingemwambia nini mtu aliye Nairobi? Maji ya mvua nayo, ambayo tunayo tele, hupitia mabati yenye zinki, na wanyama hawa hawavumilii metali. Itabidi anunue mtambo wa kuchuja.

Hayo yote, hata hivyo, pesa inaweza kuyatatua. Nilichoshindwa nacho ni jibu lake nilipomwuliza vipande vitatoka wapi. Eti kuna mtu atamvunjia baharini, bila karatasi yoyote.

Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti huruhusiwi kuondoka na hata ganda la kombe. Na hapo jirani, kisiwani Wasini, wanakijiji na watafiti wanafanya kazi ya kinyume kabisa: wanatundika vipande kwenye vitalu chini ya maji, na vikikua wanavipanda mwambani. Utafiti mmoja uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba vitalu vilivyowekwa karibu na mwamba wa pwani ya Kenya hunufaika na samaki wanaokula miani, na kwamba faida hiyo inazidi hasara ya samaki wanaotafuna matumbawe yenyewe. Yaani bahari ina wafanyakazi wa usafi wasiolipwa. Nyamira kazi hiyo ingefanywa kwa mswaki, kila wiki, na sidhani jamaa yangu angeushika zaidi ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo mtu avunje kile ambacho wengine wanapiga mbizi kukirudisha, ili kife sebuleni siku stima itakapopotea, na programu yangu iwe ndiyo ya kutangaza kifo. Hapana.

Nimempa pendekezo lingine: tangi la maji baridi, samaki wa kawaida, programu ile ile kwa nusu ya bei, na pesa atakayookoa imfikishe Shimoni akapige mbizi ajionee mwenyewe. Hajanijibu bado.