Mwalimu wa Hamriya: Mke, Mama na Mtumishi



Mwezi uliopita mtaa wetu wa Hamriya ulimzika mwalimu wake. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Jina lake hatuliandiki, kwani alikuwa mtu asiyependa kutajwa hadharani, na jamaa zake wametuomba tuiheshimu tabia yake hiyo. Waliosomeshwa naye watamtambua kwa haya yafuatayo.

Siku tatu tulizokaa msibani tulisikia sifa nyingi: alikuwa mke mwema, mama mpole, jirani ambaye mlango wake haukufungwa. Sifa zote hizo zilimstahiki. Lakini tulipoondoka tulihisi kuwa kuna jambo limetajwa kidogo mno, nalo ni kazi yake. Mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akielezwa kana kwamba maisha yake yote yalipita baina ya jiko na ukumbi. Tumeona basi safu yetu ya mwezi huu tuitoe kwa yale yaliyosahauliwa.

Marehemu alizaliwa Unguja katika miaka ya 1940. Serikali ilikuwa imefungua skuli ya wasichana mjini Zanzibar tangu mwaka 1927, na wakati huo wazee wengi walisita kuwatoa binti zao. Ilipofika zamu ya marehemu njia ilikwisha kulimwa. Alisoma, kisha akasomea ualimu hapo hapo Unguja. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na kama ilivyokuwa kwa nyumba nyingi zetu, ndugu wakatawanyika: huyu Mombasa, yule Misri, mwengine Dubai. Yeye alivukia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoolewa na karani mmoja, mtu wa maneno machache na moyo mpana.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman. Kabla ya siku hiyo nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zenye wanafunzi 909, na wote walikuwa wavulana. Nchi ikahitaji walimu, wauguzi na makarani, na milango ikafunguliwa kwa watu wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki. Miaka michache baadaye marehemu na bwana wake wakawasili Maskati na mtoto mmoja mkononi, wakapanga Hamriya, karibu na Ruwi. Siku hizo katika vichochoro vya mtaa huu mtu aliweza kununua nazi na kupata habari za Ng'ambo ya Unguja bila ya kutamka neno moja la Kiarabu.

Skulini, hata hivyo, mambo hayakuwa hivyo. Marehemu alipangiwa kusomesha Kiingereza, lugha aliyoimudu barabara. Lakini barua za wizara, vikao vya walimu na mazungumzo ya wazee wa wanafunzi vyote vilikuwa kwa Kiarabu, na Kiarabu chake yeye kilikuwa cha msahafu. Walikuwepo waliomcheka kwa matamshi yake. Hakujibu. Mwanawe alipoanza darasa la kwanza, mama naye alianza: kila usiku walikaa mkekani, mama na mtoto, wakisoma kitabu kimoja. Baada ya miaka mitatu alikuwa akiziandika ripoti zake mwenyewe. Tunaamini kuwa hapo ndipo alipopata ile subira yake kwa msichana mzito wa kusoma, kwani yeye mwenyewe alijua ilivyo kuwa mtu mzima mbele ya herufi ngeni. Skulini wasichana walimwita "abla". Nje, hata sokoni, tulimwita Mwalimu.

Hayo asingeyaweza peke yake. Bwana wake, Mungu ampe subira, hakuona haya kupika wali siku za mitihani wala kumbeba mtoto mwenye homa ili mama amalize kusahihisha madaftari. Na jambo jengine alilolifanya linastahiki kuigwa. Walipojenga nyumba, mshahara wa mke uliingia katika ujenzi. Mume akasisitiza kuwa sehemu ya mkewe iandikwe kwa jina la mkewe. Alisema kuwa mali ya mke ni ya mke, na kuolewa hakuigeuzi kuwa ya mume.

Leo faida ya maandishi yale imeonekana. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mirathi imegawiwa bila ya ugomvi: mume robo, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kilichobaki kwa watoto, wa kiume fungu la wawili wa kike. Tumezijua nyumba ambamo mama alifanya kazi umri wake wote, na alipofariki hakuna aliyeweza kusema kipi kilikuwa chake. Warithi wake, mabinti hasa, wakapoteza haki yao kwa kukosa karatasi moja tu.

Tusidhani kuwa mke mwenye kazi yake ni jambo la kisasa. Bibi Khadija, Mungu amuwie radhi, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mama wa watoto wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Na Mtume alimkumbuka vipi baada ya kufa kwake? Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kuwa alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Kumkumbuka kwake kulikuwa ni kuwatunza watu wake.

Kwa hivyo tumefurahi kusikia kuwa mjane wetu ameanza kuwapelekea sahani marafiki wa mkewe kila Ijumaa, na kuwa ameendelea kutuma Unguja ada ya skuli ya mjukuu wa ndugu yake marehemu, aliyokuwa akiitoa mwenyewe.

Limebaki sanduku moja. Ndani yake mna picha za madarasa, shahada za Unguja, na barua za wanafunzi ambao leo wengine ni madaktari. Watoto, wawili kati yao wakiishi Uingereza, wanataka kujua walifanye nini. Rai yetu ni kuwa lisitupwe. Kila picha iandikwe nyuma majina na mwaka maadamu wapo wanaowatambua waliomo. Jirani wengi wa zamani wamekwisha kuhamia Sib na Al-Khodh, na kila mmoja amehama na kipande cha habari zake.

Na nyinyi mlio mbali, ambao mama zenu wangali hai, msingoje msiba. Muulizeni mama, kwa Kiswahili chake: alisoma skuli gani, nani alimfundisha, mshahara wake wa kwanza aliufanyia nini, kipi aliogopa siku ya kwanza kazini. Andikeni. Mjukuu atakayekuja kujua kuwa bibi yake alipika vizuri atakuwa amejua kweli, lakini nusu yake tu.

Mola amsamehe mwalimu wetu, aujaalie elimu aliyoiacha iwe sadaka yenye kuendelea, na awape subira mumewe na wanawe. Amin.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.