"ANAVAA" SIYO "AMEVAA"



Kuna wenzetu, tena wengi tu, wanaosema eti Kiswahili kimekosa maneno. Wanasema Kiingereza kina "wear" na kina "put on", nasi tuna "vaa" basi. Wanaosoma Kifaransa nao wanaongeza chumvi: Mfaransa anayeingiza mkono kwenye koti hutumia "mettre", na koti likishaingia mwilini hutumia "porter". Je, sisi wa Kisii na Nyamira tumebaki na kitenzi kimoja kama maskini mwenye shati moja? Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Kiswahili hakihitaji vitenzi viwili hapo, kwa sababu kazi hiyo kimewapa viambishi. Ukisema "Kerubo anavaa sweta", maana yake ni kwamba kichwa bado kimo ndani ya sweta na mkono unatafuta njia. Ukisema "Kerubo amevaa sweta", kazi imekwisha, sweta iko mwilini na baridi ya asubuhi haimpati. Ndivyo tunavyosema "amelala", "amesimama" na "amekaa" tukiwa na maana ya hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Silabi moja tu imefanya kazi ambayo wenzetu wa Ulaya wameitafutia kitenzi kizima! Tena hiyo "porter" ya Wafaransa ndiyo hiyo hiyo wanayotumia kwa kubeba mzigo.

Shida basi iko wapi? Iko kwetu. Tunafikiri kwa Kiingereza, kisha tunatafsiri neno kwa neno. Katika insha utasoma: "Mwizi alikuwa anavaa koti jeusi." Jamani, mwizi gani huyo anayesimama kuvaa koti huku umati unamkimbiza?

Tunaweza kucheka, lakini jambo hili si la kucheka tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Leo mzazi wako anaweza kuitwa atoe ushahidi kwa Kiswahili. Akisema, "Nilimwona akivaa koti la jirani," amesema alimwona akilichukua na kulitia mwilini. Akisema, "Nilimwona amevaa koti la jirani," amesema alimkuta nalo tu, na huenda mtu huyo aliazimwa au alilinunua kwenye mitumba pale Daraja Mbili mjini Kisii bila kujua lilitoka kwa nani. Kiambishi kimoja chaweza kumtia mtu lawamani bure!

Kuna atakayeniuliza, "Kwani hatusemi 'baba anavaa tai kila Jumapili'?" Naam, husemwa, na si kosa, kwani hapo ni mazoea. Hata hivyo, mazoea yana kiambishi chake: "Baba huvaa tai kila Jumapili." Mwenye kutumia "hu-" hatamchanganya mtu yeyote.

Kosa la pili ni hili la "toa" na "weka". "Toa kofia!" "Weka sweta, kuna baridi!" Mimi nikiambiwa nitoe kofia nitafungua mkoba niitoe. Ya kichwani huvuliwa. Vaa na vua ni mapacha, kama vile funga na fungua, au kunja na kunjua. Kwa nini tumtupe pacha mmoja?

Tena "vaa" na "vua" haziko peke yake. Leso mtu hujifunga, na mtandio hujitanda. Shati huchomekewa. Mtoto mchanga huvishwa nguo, na bwana arusi humvika bibi arusi pete. Nguo kubwa humpwaya mtu, ndogo humbana. Lakini nenda sokoni Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, utasikia "imenifiti" na "haijanifiti" mpaka jioni, kana kwamba "imenitosha" na "imenikaa vizuri" zimepigwa marufuku.

Sisemi tusikope. Shati, sketi, soksi na sweta tulizipata kwa Waingereza. Leso ilitoka kwa Wareno, na suruali ilipitia kwa Waarabu kutoka Uajemi. Hizo ni nguo zilizokuja na majina yake, na hakuna ubaya. Lakini kitenzi "vaa" ni chetu cha Kibantu. Hata Wachewa wa Malawi husema "kuvala". Kukopa jina la nguo ni jambo moja. Kukopa namna ya kuunda sentensi, hali yetu inatosha, ni hasara. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ombi langu kwa wanachama wa chama chetu ni kwamba turekebishane bila kuchekana. Wengi wetu tunazungumza Ekegusii nyumbani, na Kiswahili tumekiokota darasani, sokoni na kwenye matatu. Mwenzako akisema "anavaa" mahali pa "amevaa", mwulize polepole: "Bado anavaa, au amemaliza?" Atafikiri, atacheka mwenyewe, na kesho hatarudia. Na yule anayedai Kiswahili ni maskini, kwanza afungue kabati lake aone nguo zilizomo, ndipo aende kuazima kwa jirani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu